Chaji Zote Mbili Ziko Sawa

Leo nimeaibika, tena spika ikiwa wazi. Nawaambia mimi mwenyewe mapema kwa sababu kwa hii group kuna watu wa Kambi Muru, huko Kibera, na najua video zinakuja. Afadhali mnisikie mimi kwanza, halafu muamini yule mtamtaka.

Kwa wale hawanijui vizuri, mimi ni Wekesa, fundi wa simu na redio hapa Kawangware. Nina kibanda, nina mita, nina solda, na nina mdomo. (Huo mdomo ndio umeniponza.) Kitu kikiwa na waya, niletee. Sijawahi kufunga waya ikakataa. Hata leo haikukataa, na hapo ndipo uchungu wangu uko.

Sasa, Akinyi mnamjua? Yule dada wa Kambi Muru, mama yake anauza mitumba soko la Toi. Akinyi anatengeneza roketi. Si za vita jameni, wacheni uoga! Ni roketi ya kujifunza. Inapanda, ikifika juu kabisa inatoa parachuti, inashuka pole pole, unaiokota ukiwa na heshima yako. Mwili ameutengeneza na karatasi ngumu na gundi, akapiga sandpaper mpaka vidole vikatoka malengelenge. Parachuti mama yake ameishona na kitambaa cha miavuli iliyovunjika. Wamekaa na hiyo kazi tangu mwaka jana.

Leo walimu wa chuo fulani walikuwa wanakuja kumwona. Wana nafasi moja kwa karakana yao, mtu asome mwaka mzima bila kulipa. Na walimwambia wazi: "Kupanda, kila roketi inapanda. Sisi tunakuja kuona ikishuka." Kwa hivyo parachuti ikifunguka, Akinyi anaenda chuo. Isipofunguka, anarudi Toi kukunja suruali. Hakuna hesabu ingine.

Na nani alipewa kazi ya kuhakikisha parachuti imefunguka? Ehe. Huyu huyu.

Wacha niwaeleze vile inafanya, ndio mjue nilianguka wapi. Ndani ya roketi kuna kakompyuta kadogo. Roketi ikifika mwisho wa kupanda, kakompyuta kanatuma stima ya betri kwa kiberiti cha umeme. Kiberiti kinawasha baruti kidogo sana iliyo kwa kikombe cha plastiki. Baruti inafanya pu! Parachuti inasukumwa nje. Vikombe ni viwili, cha kwanza na cha akiba. Betri pia ni mbili, moja ya kompyuta na moja ya kuwasha. Shikeni hapo: vikombe viwili, betri mbili.

Siku zote za mazoezi mimi nilikuwa mtu wa waya tu. Baruti, ambayo wale walimu walimpimia, aliiweka Akinyi mwenyewe, na akiiweka ananifukuza nisimame kando. Lakini leo asubuhi alipita kwa kibanda akikimbia. Alikuwa anaenda kwa chifu kuchukua barua ya ruhusa, halafu akapange viti. Akaniwekea mfuko wa kaki kwa meza.

"Wekesa, kila kitu kiko hapa. Leo sina time hata ya kupumua, umalizie wewe. Na usisahau chaji!"

"Mimi? Nisahau chaji? Mimi?"

Akacheka, akaenda.

Sasa nyinyi mnihukumu. Mimi ni fundi wa simu. Neno ambalo nasikia kutoka asubuhi mpaka nikifunga ni moja. "Fundi, hii simu haishiki chaji." "Fundi, niwekee chaji hapo kidogo nakuja." Ukiniambia chaji, mimi naona betri. Nani angejua watu wa roketi wakisema chaji wanamaanisha ile baruti ya kwa kikombe? Nani aliniambia? (Akinyi anasema aliniambia zaidi ya mara moja. Inawezekana. Nikiinamia solda huwa naitikia tu "eeh, eeh.")

Nikafungua mfuko. Waya, konekta, betri mbili, vile vikombe, halafu kwa kona, kikopo kidogo cha balm ya kuchua. Ile ya bati.

Wueh, niliguswa! Maana juzi nilikuwa nimemlalamikia mgongo vile unaniuma kwa kuinama. Nikasema, ona huyu dada, na shughuli zote hizi, bado amekumbuka mgongo wangu. Nikakitia kwa mfuko wa suruali bila kukifungua. Nilitaka kukifungua jioni, nikiwa nimetulia. (Ndiyo, nilikuwa na mawazo yangu mengine. Nyamazeni.)

Nikaingia kazi. Na hapa lazima nijisifu kidogo, kwa sababu ni mahali pa mwisho nitajisifu. Zile konekta nilizitoa Toi, kwa vigari vya watoto vya mitumba, na konekta za vigari ni waongo sana. Waya nyekundu unaikuta upande wa nyeusi. Mtu hajui, anachomeka tu, kompyuta inaungua inatoa harufu, kwisha. Mimi nilichukua mita nikapima kila moja, zilizogeuzwa nikachomoa pini nikazirudisha mahali pake. Kila waya niliivuta na mkono nione kama itatoka. Betri nikazikaza na zip tie, zile kamba za plastiki, maana roketi ikiruka inavuta kila kitu chini, betri inaweza kujichomoa huko juu na hakuna fundi wa kuirudisha. Halafu nikazichaji mpaka taa ikawa kijani. Zote mbili!

Vikombe navyo nikaingiza viberiti vya umeme, nikaziba mdomo na tepu vile nilikuwa nimemwona Akinyi akifanya. Vikombe vyenyewe ni vyeusi, na kuchungulia ndani sikuchungulia. Nilijua ameshamaliza mambo yake. Ile tepu iliingia laini, bila hata mkunjo mmoja.

Nikawasha nijaribu. Kakompyuta kakalia pi-pi-pi. Hiyo inamaanisha waya zote zimeshikana mpaka kwa viberiti. Nilijipigia makofi peke yangu kwa kibanda, mteja wa kwanza akanikuta hivyo, akarudi nyuma.

Nikafunga kibanda, nikabeba spika yangu, maana nilikuwa nimejitolea kuwa MC pia. (Hakuna mtu aliniomba.) Mlangoni nikampata shosho, yule nyanya mwenye nyumba za plot yetu. Amekaa kwa stuli, anasugua magoti.

"Wekesa, haya magoti na hii baridi, yataniua."

Mimi nina huruma, hiyo ni shida yangu ya pili. Nikasema mgongo wangu utavumilia. Nikatoa kikopo.

"Shika shosho. Paka hii."

Akakigeuza geuza. "Ni dawa ya kwenu? Ya Western?"

"Ni kali, shosho," nikamwambia. Sijui hata kwa nini nilisema hivyo. Akanibariki. Nikapanda boda nikiwa najiona mtu mzuri.

Tulikuwa tumefika Ngong Road Akinyi akapiga.

"Wekesa, chaji umeweka?"

"Nimeweka."

"Zote mbili?"

"Zote mbili! Zimejaa kabisa."

"Hukushindilia sana?"

Hapo nilishangaa kidogo. Betri unaishindiliaje? Lakini nikasema amechoka, wacha nisimsumbue. "Hapana. Zilipofika mahali pake, nikawachia."

"Na ulikaa mbali na moto?"

"Akinyi! Hii kazi nimeifanya miaka. Chaji ni chaji."

Akasema, "Aki asante, Wekesa. Leo umeniokoa."

Hiyo sentensi inanirudia tangu saa hiyo. Umeniokoa.

Nilivyofika kiwanja cha shule huko Kambi Muru, watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya ukuta. Mama Akinyi amevaa nguo ya kanisa. Wale walimu wamekaa mbele, mkubwa wao ni madam mmoja wa miwani, mtu wa maneno machache. Akinyi akapokea sehemu yangu ya waya, akaangalia vikombe, akaona tepu imekaa vizuri, akawasha, akasikia pi-pi-pi. Akanitazama, akatabasamu. Akaiingiza kwa roketi, akafunga. Kwa nini asiamini? Nilimwambia zimejaa.

Mimi huyo nikaunganisha simu na spika kwa bluetooth, nikaweka muziki, nikashika maiki.

"Watu wa Kambi Muru, mpo? Hii mnaona hapa ni kazi ya dada yenu Akinyi! Lakini nani amefunga stima? Ni engineer Wekesa kutoka Kawangware! Leo mtaona kitu inaenda mbinguni na inarudi na adabu!"

Watu wakapiga kelele. Mama Akinyi akapiga vigelegele. Tukarudi nyuma kwa kamba, tukahesabu pamoja, na Akinyi akabonyeza.

Jameni, hiyo kitu ilipanda! Fyuuu! Vichwa vyote vya Kibera vikaangalia juu. Ikawa ndogo, ndogo, ikawa kama sindano. Ikafika mwisho, ikajipinda.

"Haya, sasa!" nikasema kwa maiki. "Angalieni parachuti!"

Hakuna.

"Inakuja! Msiwe na haraka! Sasa hivi!"

Roketi ikageuza kichwa chini.

"Iko na ya akiba! Hiyo ya akiba ndio hatari! Sasa... sasa..."

Ilikuwa inarudi vile vile ilienda, kwa kasi ile ile, na mimi bado natangaza. Mungu ni mwema, kiwanja kilikuwa wazi, watu wote wako nyuma ya kamba. Ikashuka ndani ya goli, kwa lile tope la golikipa, puh! Ikazama mpaka shingoni.

Mlevi mmoja kutoka juu ya ukuta akapaaza sauti: "Goooal!"

Watu wakacheka. Akinyi alikuwa ameshaanza kukimbia. Tukamfuata, mimi na maiki yangu mkononi kama mjinga, sikukumbuka kuizima. Akaivuta kutoka kwa tope. Mwili umekunjika kama soksi. Akatoa sehemu ya waya. Kakompyuta bado ni kazima, betri bado zimekaa mahali pake, hakuna hata waya moja imetoka. Akatoa tepu kwa kikombe cha kwanza. Akaangalia ndani. Akatoa ya cha pili.

"Wekesa," akasema pole pole. "Chaji uliweka wapi?"

"Si kwa betri."

"Betri gani? Baruti, Wekesa. Ile nilikuachia kwa kikopo."

Na mimi, nikiwa nimeshika maiki karibu na mdomo, mbele ya watu wote wa Kambi Muru na walimu wa chuo, nikauliza:

"Ile balm?"

Sauti ilienda mpaka kwa reli ikarudi. BALM? BALM?

Akinyi akanitazama. "Iko wapi sasa?"

Hapo ndipo nikakumbuka magoti ya shosho. Nikatoa simu, nikampigia. Na nilikuwa nimesahau simu imeunganishwa na spika. Kwa hivyo kile kilifuata, kila mtu alikisikia kama taarifa ya habari.

"Haro?"

"Shosho! Ile dawa, umeshapaka?"

"Ii, nimepaka. Lakini Wekesa, hii dawa yenu haichomi."

Kiwanja chote kikalipuka. (Kitu pekee kililipuka leo vizuri.) 

"Shosho, umepakaje?"

"Si ni unga mweusi? Nilikuwa nataka kukuuliza. Nikaona hizo ni dawa za kwenu, nikachanganya na mafuta. Nimepaka magoti zote mbili."

"Na uko wapi saa hii?"

"Niko hapa kwa jiko. Napasha magoti moto ndio iingie ndani."

"SHOSHO! TOKA KWA JIKO!"

"Kwani nini?"

"Ni baruti! Shosho, ni baruti! Toka!"

Tukasikia stuli ikianguka, sufuria ikianguka, na shosho akiita jirani kwa Kikuyu aje na maji. Watu walikuwa wamekaa chini kwa kicheko. Mwalimu mmoja wa chuo alikuwa anajipangusa macho. Mimi nilikuwa naomba Mungu, kweli kabisa, naomba. Baada ya muda sauti ikarudi.

"Nimeosha. Wekesa, wewe kijana, nilikuuliza hii ni dawa ya wapi. Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza, shosho."

"Ukaniambia ni kali."

Akakata.

Ndio wakaanza: "Daktari! Daktari wa magoti!" Hilo jina nimerudi nalo Kawangware, limefika hata kabla yangu. Lakini sikilizeni, si hilo linaniuma. Katikati ya kicheko chote nilimwona Akinyi. Alikuwa amepiga magoti kwa tope, anakunja ile parachuti ambayo haikufunguka. Anaikunja vizuri, pembe kwa pembe, vile mama yake anakunja nguo za kuuza. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kwa bega.

Madam wa miwani akaja. Akachukua kakompyuta, akakaunganisha na laptop yake, akasoma.

"Ilituma stima," akasema. "Juu kabisa, mahali panafaa. Kiberiti cha kwanza na cha akiba, vyote viliwaka." Akageuza zile konekta mkononi. "Nani alifunga hizi waya?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Akinyi akainua kichwa.

"Ni Wekesa," akasema. "Ye ndiye fundi wetu."

"Kazi safi sana," madam akaniambia. Mimi! Ananisifu mimi, na dada wa watu ako kwa tope!

Nikaona lazima niseme. "Madam, makosa ni yangu yote. Akinyi hana kosa hata moja. Aliniuliza kwa simu, nikamwambia..."

Akinyi akanikata. "Madam, kukagua mara ya mwisho ni kazi ya mwenye roketi. Niliona tepu nikaamini. Sikufungua."

Madam akatingisha kichwa kama mtu amesikia jibu sahihi lakini swali lilikuwa lingine. Akasema roketi imepanda vizuri sana. Akasema nafasi ni moja na kuna wengine wamebaki kuonwa. Akasema watampigia. Nyinyi ni watu wa Nairobi, mnajua "tutakupigia" inaisha vipi. Mama Akinyi pia anajua. Alishukuru kwa heshima, akawapea mkono wote, halafu akaenda nyuma ya madarasa peke yake.

Nilimsaidia Akinyi kubeba vitu mpaka kwao. Njiani watoto walikuwa wanatufuata wakiitana "haichomi! haichomi!" Nilisema samahani mpaka ikakosa maana, ikawa kama neno la Kichina. Yeye alikuwa anasema tu "sawa." Ningependa anipige hata kofi. "Sawa" ya Akinyi leo, nyinyi msiombe muambiwe.

Shosho yuko salama, mkiuliza. Nimemkuta amekaa mbali kabisa na jiko, amejifunga leso, hataki hata kibiriti kipite karibu naye. Anasema leo amekimbia mara ya kwanza tangu mtoto wake wa mwisho azaliwe. Nimemwomba msamaha, akaniambia kutoka leo nisimpe kitu, hata maji.

Nimejifungia kwa nyumba. Nimemrekodia Akinyi voice note ndefu. Nimemwambia nitaenda kwa hicho chuo mwenyewe, nisimame kwa geti, niwaeleze. Nimemwambia ningejua kuuliza swali moja tu pale Ngong Road, "chaji gani?", maneno mawili, saa hii angekuwa anapanga begi la kwenda chuo. Nimemwambia sikulala nikiwaza hizi waya na bado nimemwangusha.

Ameisikiliza. Nimeona alama zimekuwa za bluu. Muda ukapita sana. Halafu ametuma neno moja:

"Umekula?"

Nimeliangalia hilo neno mpaka machozi yamekuja, sitawaficha. Mtu nimemharibia mwaka wake, ananiuliza kama nimekula. Nikaandika "bado." Nikafuta. Maana maneno ya huyu dada, leo nimeshayaelewa vibaya mara moja.

Nimemuuliza, "Unamaanisha chakula?"

Anaandika saa hii. Tafadhalini, msianze kucheka mpaka ajibu.